Mwongozo kamili wa kwenda kula vitamutamu vya Kijapani hapa Tabora, kuanzia kutoka nyumbani mpaka kubeba

Tangu ile baa mpya ya vitamutamu vya Kijapani ifunguliwe pale mjini, status za watu wa Tabora zimejaa aiskrimu ya kijani na maswali ni yale yale, ile kijani ni nini, mbona wanasema haina sukari, lile donge jeupe lenye unga juu linaliwaje, na je ukienda na msimbazi mmoja (noti ya elfu kumi) utatoka umekula au utatoka umepiga picha tu. Kuna watu wameenda, wamechukua kitu cha kwanza kwenye menyu kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri, wameonja kijiko kimoja wakasema hii dawa, wakasusa, hela imeenda. Kwaiyo naweka kila kitu hapa kwa mpangilio, ni ndefu kidogo, msome taratibu.

Kabla ya yote shika hili moja maana ndo linabeba mengine yote: Wajapani kwenye vitu vitamu hawashindani kwa sukari. Sukari ipo ila ipo kwa adabu. Wanachoshindania ni kitu kinavyokaa mdomoni, hiki kinavutika, kile kinayeyuka kabla hujatafuna, kingine kinatetemeka kwenye sahani ukikigusa na kijiko. Mtu aliyezoea chai ya vijiko vinne akienda kutafuta utamu ataona kaibiwa, ila akienda kusikilizia meno na ulimi ataelewa kwanini watu wanalipa. Na kwa akina mama watakaoshtuka wakisikia binti yao kaenda baa, hamna bia mle, ni kaunta ndefu tu unakaa mbele yake unaona wanavyotengeneza, watoto wanaingia na wazee wanaingia.

Hatua ya 1: Siku na saa

Jumapili mchana achana nayo. Watu wametoka ibadani, foleni mpaka nje, na wahudumu ambao kazi wameianza juzi wanachanganya oda. Katikati ya wiki kuanzia saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja jioni ndo muda mzuri, mhudumu ana nafasi ya kukuelezea na mpishi hakimbizwi, maana baadhi ya hivi vitu ukimkimbiza anayetengeneza vinaharibika kabisa, tutafika kwenye pankeki utaona. Mchana wa mwezi wa tisa au wa kumi usijaribu kitu cha barafu labda kama unakaa ndani kabisa chini ya feni, Tabora ya kabla ya mvua tunaijua wenyewe, utaishia kunywa maji ya rangi kwa bei ya kitamutamu.

Usiku nako kuna mtego wake. Ile kijani inaitwa matcha, ni chai ya Kijapani, ina kafeini, na kwa sababu unameza jani lenyewe lililosagwa sio maji yaliyopita kwenye majani, gramu 2 tu za poda zinakupa karibu miligramu 60 au zaidi, wakati kikombe cha kahawa ya kawaida ni kama 95. Sasa mtu anakunywa glasi kubwa mbili saa mbili usiku alafu saa nane yuko macho anasikiliza popo kwenye dari. Jioni baada ya swala ya Magharibi chukua hojicha, ni chai ya kijani ya Kijapani iliyokaangwa, rangi yake ya kahawia, harufu ya moshi moshi hivi, na kafeini yake ni ndogo.

Soda njiani usinywe. Ulimi ukishapakwa sukari, chochote utakachoonja pale kitakuwa hakina ladha.

Hatua ya 2: Hela

Piga simu au tuma meseji uombe picha ya menyu yenye bei kabla hujapanda bajaji. Angalia kama topingi zinalipiwa pembeni, hapo ndo watu wanalizwa, unaona bei ya aiskrimu ni poa alafu ukiongeza ufuta, maharage matamu na tunda, bili imekuwa nyingine.

Mkiwa watatu au wanne msiagize kila mtu chake. Vitu vya Kijapani vinaonekana vidogo ila mochi, lile donge jeupe la mchele, inashibisha kuliko unavyodhani, na raha yenyewe iko kwenye kulinganisha. Chukueni kimoja cha barafu, kimoja cha mochi, kimoja cha moto na matcha moja ya wote kuonja, ombeni vijiko vya ziada na visahani. Mkipenda kimoja mnarudia hicho, msipopenda mmepoteza robo ya hela sio hela yote.

Kuhusu kwanini kitu chochote chenye matcha kina bei, sio roho mbaya ya mwenye duka. Mti ni ule ule wa chai tunaolima sisi Mufindi na Lushoto, tofauti iko kwenye kazi. Mashamba yanafunikwa kivuli kama wiki tatu kabla ya kuchuma ili jani liwe la kijani kabisa na uchungu wake upungue, linapitishwa kwenye mvuke, linakaushwa, vijiti na mishipa vinatolewa, alafu linasagwa kwa jiwe taratibu sana, jiwe moja linatoa kama gramu 40 tu kwa saa. Uji karibu na Kyoto ndo jina kubwa. Juu ya hapo kuanzia 2024 dunia nzima imeishangilia matcha kuliko mashamba yanavyoweza kutoa, mpaka maduka ya Japani kwenyewe yakaanza kuwawekea wateja kikomo cha kununua. Sasa ukikuta matcha Tabora bei ni sawa na chai ya rangi hapo ndo ushtuke, itakuwa ni poda ya sukari yenye rangi.

Malipo uliza mapema kama wanapokea lipa namba au keshi, na ukienda na noti kubwa asubuhi jiandae na ngonjera za chenji.

Hatua ya 3: Maswali ya kaunta kabla hujalipa

Hapa usione aibu, hii ndo hatua inayookoa watu. Msalimie vizuri, "habari ya kazi dada, samahani naomba kuuliza kidogo kabla sijaagiza", watu wakisalimiwa vizuri wanaeleza vizuri.

Kwa Waislamu swali la kwanza ni jelatini. Vitu vingi vinavyotetemeka vinagandishwa kwa jelatini, na jelatini inaweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe, na pakiti mara nyingi haisemi. Wajapani wana kitu kingine cha kugandisha kinaitwa kanten, hicho kinatokana na mwani wa baharini (sio ule unaolimwa Zanzibar, ni aina nyingine) na hakina mnyama ndani. Kuna namna ya kukisia kwa macho, jeli ya jelatini kwenye joto letu inaanza kulegea na kuvuja maji ikikaa mezani, ya kanten inasimama wima na ukiing'ata inakatika moja kwa moja haivutiki. Ila kukisia sio jibu, omba uone pakiti. Swali la pili ni pombe ya kupikia, kuna kitu kinaitwa mirin, divai tamu ya mchele, ya asili ina pombe kama asilimia 14 hivi, na wengine wanaiweka kwenye unga wa dorayaki (pankeki ndogo zenye maharage matamu katikati) ili rangi ikolee. Uliza wametumia mirin au asali peke yake. Mhudumu asipojua mwambie kwa upole akamuulize mpishi, na kama mpishi naye hajui basi chagua tunda na barafu uende zako na amani.

Kwa kila mtu sasa, maji ya barafu. Uliza barafu inatengenezwa na maji gani, yaliyochemshwa, yaliyochujwa au ya bomba moja kwa moja. Ni kweli tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini hali sio ile ya zamani, lakini barafu haiui vijidudu, inavihifadhi tu, na hapa unakula barafu yenyewe sio kinywaji kilichopoozwa nayo.

Alafu uliza umeme ukikatika friza inashikiliwa na nini, jenereta au dua. Aiskrimu iliyoyeyuka ikagandishwa tena unaijua hivi: juu ina vipande vidogo vya barafu vinavyong'aa, ukiweka mdomoni unasikia chenga chenga badala ya ulaini, na pembeni ya chombo kuna mstari unaoonyesha ilishuka ikapanda. Ukiona hivyo chukua kitu cha moto.

Na la mwisho, mwenye aleji ataje mapema. Ngano, mayai, maziwa, soya, ufuta na karanga vyote viko kwenye hii kazi, na soya na ufuta vinajificha sana kwenye unga wa kunyunyizia juu.

Hatua ya 4: Kuijua menyu

Mochi ndo mama wa yote. Ni mchele, lakini sio mchele wetu wa Igunga wala wa Nzega hata uupike vipi, ni mchele wa kunata ambao wanga wake ni wa aina moja inayovuta, unapikwa kwa mvuke alafu unatwangwa kwenye kinu cha mbao mpaka punje zinapotea, siku hizi wengi wanatumia unga wake uliosagwa tayari. Kwa mtu wa huku namna nzuri ya kuielewa ni ugali wa muhogo wa moto ule unaovutika mkononi, sasa uwaze huo ni laini zaidi, una sukari kidogo na umepozwa. Ikifungiwa kitu ndani inaitwa daifuku, na kitu chenyewe mara nyingi ni anko, maharage madogo mekundu yaliyochemshwa na sukari mpaka yakawa rojo zito. Najua, maharage na sukari, mtu wa Kanyenye anacheka. Onja kwanza. Kuna ya laini iliyochujwa na kuna yenye punje nzima, mi naona yenye punje ni bora kwa anayeanza maana unajua unachokula. Wasipokuwa na yale maharage ya Kijapani wakatumia mekundu ya hapa sio kosa, Wajapani wenyewe wana aina nyingine ya maharage meupe.

Jinsi ya kujua mochi ni ya leo: bonyeza taratibu na kidole, ile mpya inabonyea na inarudi pole pole, ya jana iliyolala kwenye friji inakuwa ngumu na pembeni ina nyufa, kwa sababu wanga wa mchele ukikaa kwenye baridi ya friji unakakamaa. Usikubali kuambiwa ndo ilivyo. Na ule unga mweupe juu ni wanga tu wa kuzuia isigande mkononi, kwaiyo nguo nyeusi siku hiyo iache kabatini.

Kuna na mochi ya aiskrimu, donge dogo la baridi. Hii sio ya kale, ilipata umaarufu kutoka Los Angeles miaka ya 1990 kwa mama mmoja Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, Frances Hashimoto, aliyekuwa anaendesha duka la familia la vitamutamu. Ikitoka kwenye friza usiing'ate hapo hapo, ganda la nje linakuwa gumu. Iache dakika mbili tatu, kwa joto letu zinatosha, ukiona nje imeanza kung'aa na ukigusa inabonyea, kula.

Matcha sasa. Inakuja kama chai ya moto iliyopigwa na kifagio cha mianzi mpaka povu, au ya baridi na maziwa, au ndani ya aiskrimu na keki. Anayeanza asianze na ile ya moto isiyo na maziwa, aanze na aiskrimu, maziwa yanatuliza uchungu. Angalia rangi: kijani kilichokolea na kuchangamka ni nzuri, ikielekea manjano au kahawia imekaa sana au ni ya daraja la kupikia. Uchungu wa matcha nzuri unakuja alafu unaondoka na unaacha utamu fulani nyuma ya ulimi, uchungu wa mbaya unakaa tu unakukunjisha uso.

Kakigori ni barafu iliyokwanguliwa nyembamba mpaka inakuwa nyepesi, inamwagiwa sirapu, wengine na maziwa mazito. Wajapani wanakula hii zaidi ya miaka 1,000, zamani ilikuwa ya wakubwa wa ikulu tu maana barafu ya kipupwe ilibidi itunzwe kwenye mashimo mpaka kiangazi. Nzuri haikwaruzi, inayeyuka yenyewe. Ukisikia unatafuna vipande ujue mashine yao ina kisu butu, na bei ya kakigori hapo haina maana.

Taiyaki inachekesha watu wa ukanda wetu, ni samaki asiye na samaki ndani, mkate wa unga uliookwa kwenye chuma chenye umbo la samaki, tumboni ana maharage matamu au kastadi. Ulianza Tokyo mwaka 1909, na samaki aliyeigwa ni tai, samaki wa sherehe kule kwao ambaye bei yake ilikuwa inawashinda watu wa kawaida. Wajapani wanabishana uanze kichwa au mkia. Anza mkia, ni mkavu na wa kukwaruza, na wakati unautafuna tumbo linapoa, maana yale maharage yanatunza joto kuliko unavyofikiri na watu wanaungua ulimi.

Dorayaki ni pankeki mbili ndogo za kahawia zimebanwa na maharage matamu katikati. Unga wake unawekwa asali. Ndo kitu salama kuliko vyote kwa mzee, hakivutiki na hakina uchungu.

Pankeki za kuvimba zile ndefu zinazotetemeka, hizo ni ute wa yai uliopigwa mpaka ukasimama, zinapikwa kwa moto mdogo zimefunikwa, karibu dakika ishirini. Ukiletewa baada ya dakika tano sio zenyewe. Zikifika mezani kula, dakika chache tu zinashuka, kwaiyo yule wa kupiga picha kumi na mbili ashike nyingine.

Purin ni kastadi ya mayai yenye sukari iliyounguzwa juu, haina ugeni kwa mtu yeyote. Pafe ni glasi ndefu ya matabaka, kosa la wengi ni kula juu mpaka krimu iishe ndo wanafika chini kukavu, zamisha kijiko mpaka chini kila mara. Aiskrimu ya ufuta mweusi ina sura ya saruji mbichi lakini kwangu mi ndo bora pale, na hamna anayeiagiza.

Ukiona kitu kimefunikwa unga wa kahawia wa manjano hivi, hiyo ni kinako, soya iliyokaangwa ikasagwa, harufu yake inakaribia karanga. Sharti moja: wakati unaingiza mdomoni usivute pumzi na usicheke. Unga ni mwepesi sana, mtu akicheka meza nzima inakohoa na shati la jirani linabadilika rangi.

Hatua ya 5: Kuagiza na kula kwa mpangilio

Usiagize vyote kwa mkupuo. Vikija pamoja utakuwa unakula cha moto wakati cha barafu kinakufa. Anza na kakigori au aiskrimu, ikikaribia kuisha ndo uite cha moto, mochi iwe katikati kwa sababu yenyewe haina haraka.

Ukiagiza matcha ya moto na kitamutamu, kula kitamu kwanza ndo unywe. Kule kwao kwenye shughuli za chai wanafanya hivyo hivyo, utamu unautayarisha mdomo na uchungu unakuja kuusafisha. Ukifanya kinyume, chai inakuwa chungu na kitamu kinakosa nafasi. Bakuli la chai halina mkono, lishike kwa mikono miwili, moja chini moja ubavuni, na lisipokaa vizuri liache lipoe kidogo.

Wakikupa kitambaa kibichi mwanzoni ni cha mikono. Uso usifute, najua joto linashawishi. Vijiti vya mianzi vidogo vyenye ncha ni vya kukatia mochi sio vya meno. Na zile kelele za kuita "we dada" kutoka mwisho wa kaunta tuziache nje, nyoosha mkono tu atakuona.

Hatua ya 6: Ukiwa na watoto au wazee, hii soma mara mbili

Mochi inakaba. Sio utani, Japani kila Mwaka Mpya kuna wazee wanakabwa na mochi, wengine wanafariki, na zimamoto wa Tokyo hutoa tahadhari kila ukifika msimu huo. Inanata, haivunjiki, na ikikaa kooni inaziba kabisa. Mtoto mdogo usimpe kabisa, mpe purin au aiskrimu. Bibi au babu ambaye meno yamepungua mkatie vipande vidogo sana, amumunye chai ya vuguvugu kwanza koo lilainike, atafune kimoja amalize ndo kingine, na msimpigishe stori za kuchekesha akiwa anatafuna. Kwa heshima zote, bibi akisema "nitafune nini na mimi meno sina", hapo msimlazimishe ili tu apatikane kwenye video, muagizieni dorayaki.

Mtu akikabwa, kama anaweza kukohoa mwache akohoe kwa nguvu. Kama hawezi kuongea wala kuvuta pumzi, muinamishe mbele umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, haijatoka simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu kwa nguvu mara 5, rudia yote mpaka itoke, na mwingine awe tayari anatafuta usafiri wa kwenda hospitali ya Kitete. Mjamzito usimbane tumboni, unabana kifuani. Maji usimpe.

Wajawazito pia kwenye matcha wasizidishe, kikombe kimoja kwa siku kinatosha kama kuna chai na kahawa nyingine.

Hatua ya 7: Omba vya kwetu

Hapa ndo naona watu wanaacha hela mezani. Sehemu imetoka kwa mfano wa Japani sawa, lakini iko Tabora, mji wa asali. Wajapani wanamwagia mochi sirapu nyeusi ya sukari guru inaitwa kuromitsu, na mara nyingi huku haipatikani kwaiyo wanaweka sirapu ya dukani ya chupa. Waambie wakuwekee asali ya miombo. Ile nyeusi yenye harufu nzito inakaa vizuri sana na kinako na aiskrimu ya ufuta, ile nyepesi weka kwenye matcha ya baridi. Kama hawana uliza kama unaruhusiwa kuja na kichupa chako, sehemu mpya mara nyingi wanakubali na wiki ijayo unakuta wameiweka kwenye menyu.

Msimu wa maembe nao, kuanzia mwishoni mwa mwaka, uliza kakigori ya embe lenyewe lililosagwa hapo hapo badala ya sirapu ya rangi. Na karanga za kukaanga zilizopondwa juu ya dorayaki sijui kwanini hakuna aliyeanza kuuza hiyo.

Kama kitu hakikuwa sawa sema pale pale kwa mhudumu, kwa sauti ya kawaida, "dada hii mochi ni ngumu naomba unibadilishie". Kuondoka kimya alafu kwenda kumwaga sumu kwenye magrupu hakumsaidii mtu, mwenye sehemu hajui na wewe hujabadilishiwa.

Hatua ya 8: Kubeba

Dorayaki inabebeka mpaka Urambo na isipate shida, ila yenye krimu ndani uile siku hiyo hiyo. Keki ya kasutera, ile ya mayai ya umbo la tofali ambayo Wajapani waliipata kwa Wareno huko Nagasaki karne ya 16, hiyo inabebeka kuliko zote na watu wengine wanasema siku ya pili ndo inakolea. Mochi ya kawaida ni ya siku hiyo hiyo, usiiweke kwenye friji, iache kwenye chombo chenye kifuniko mahali pa kivuli na uile kabla ya kulala. Ikibaki, friza ni bora kuliko friji, funga kila moja peke yake na plastiki, ukitaka kula itoe nje ilainike yenyewe. Taiyaki ikipoa inalegea, ukifika nyumbani ipashe kwenye kikaango kikavu moto mdogo kila upande dakika mbili, mafuta usiweke, mikrowevu itaifanya iwe mpira. Mochi ya aiskrimu usibebe labda unakaa Gongoni na bodaboda inakusubiri mlangoni. Kakigori hata usiulize.